Faneli ya Mdomo Mwembamba

Faneli ile niliitengeneza mimi, kwa mikono yangu, na sitaki mtu mwingine apewe sifa wala lawama yake. Wapo mafundi hapa Kasulu wanaosema mpaka leo kwamba walinisaidia. Hawakunisaidia. Walisimama pale wamekunja mikono, wakinong'ona kwamba gari la Wamarekani limekuja na tangi lisilotaka petroli.

Ilikuwa Mei mwaka 1977. Kanisa moja la Marekani lilikuwa limekipa kikosi chetu cha chanjo gari lake kuukuu, la kuendesha magurudumu yote manne, lenye usukani upande wa kushoto. Madereva wa Kasulu walilizunguka kama ng'ombe asiyejulikana anapiga teke kwa mguu upi. Mimi nilifungua mlango nikakaa. Kwetu Burundi magari yote usukani uko kushoto, na kabla ya kuvuka mpaka kule Manyovu mwaka 1972 nilikuwa nimetengeneza magari ya kiwanda cha kahawa miaka tisa. Ndivyo nilivyopata kazi, mimi Tharsisi Ntirampeba, mkimbizi, mbele ya wenyeji wote waliokunja mikono.

Shida ilikuwa petroli. Mdomo wa tangi ulikuwa mwembamba ajabu, na ndani yake kulikuwa na kijimlango cha bati kilichojifunga chenyewe. Sisi petroli yetu tulikuwa tunaipampu kwa mkono kutoka kwenye mapipa, na bomba la pampu lilikataa kuingia. Tukajaribu faneli ya kawaida, petroli ikamwagika yote kwenye tairi. Basi nikachukua debe tupu, nikalikata, nikalikunja, nikalitoa mdomo mrefu mwembamba kama kidole, nikalehemu kwa risasi. Mdomo ule ukakisukuma kijimlango, petroli ikateremka bila kumwagika hata tone. Watu walipiga makofi. Afisa wetu wa wakati ule, ambaye baadaye alihamishiwa Dodoma, aliniambia, "Fundi, wewe ni hatari." Nikaitundika faneli kwenye msumari karibu na mlango wa gereji, mahali ambapo wengine wangetundika picha ya harusi yao.

Miezi saba gari lilifanya kazi bila kulalamika. Lilibeba masanduku ya barafu yenye dawa ya surua hadi Makere, hadi Kibondo, hadi Murungu, na watoto walilia kila tulikofika, maana walikwisha kuijua milio yake. Kisha mwezi wa Desemba nguvu zikaanza kuliishia. Bondeni lilikwenda, mlimani lilipumua kama mgonjwa wa pumu. Sakafu yake ilichemka hadi kandambili za muuguzi wetu, Odilia, zikalainika miguuni. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikarekebisha kila kinachorekebishika. Wapi!

Januari akaja afisa mpya, Bwana Gharibu, mtu wa Pangani. Alikuwa akipiga pasi suruali yake hata tulipolala kijijini, na kitu kisichoandikwa kwenye karatasi hakukiamini. Aliandika Marekani barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jibu likaja: badilisheni kifaa kilicho katikati ya bomba la moshi. Na kifaa chenyewe kikaja, ndani ya sanduku zuri, kimezungushiwa karatasi. Kilikuwa kopo nene la chuma, limebinuka pande mbili, mdomo huku na mdomo huku. Jina lake la Kiingereza Bwana Gharibu alilisoma mara mbili na bado lilimshinda. Sisi tukakiita kibuyu.

Nilikifunga mwezi wa Machi. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nikazikata kwa tindo, nikatengeneza nyingine. Nilifunga kazi safi, kazi ambayo ungeweza kuilalia. Kibuyu cha zamani nikakitupa nyuma ya gereji kwenye vyuma chakavu, sikukitazama mara mbili. Gari likaruka mlimani. Bwana Gharibu akanipa mkono mbele ya watu, na mimi nikaona huo mkono nilistahili.

Katikati ya Juni kibuyu kipya nacho kikafa. Ilikuwa Jumatatu, kwenye kilima kirefu kinachofuata baada ya Makere. Gari lilisimama katikati ya mlima likiwa limejaa barafu, na hapo likakataa. Tulirudi Kasulu kinyumenyume na kwa mteremko, tukipumzika kila hatua. Tulipofika, barafu ilikuwa maji, na dawa yote ya Murungu imeharibika.

Bwana Gharibu hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa kwenye meza yake, akapanga kalamu zake, akasema, "Kile cha kwanza kilikuwa kikuukuu, nikakusamehe. Hiki nimekiomba kwa barua tatu, Tharsisi. Kipya. Kimekufia mikononi mwako."

"Bwana, nilikifunga sawasawa."

"Basi kimekufa kwa husda?" aliuliza. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa. "Na ile barua yako, siandiki. Nitaandikaje kwamba wewe ni fundi tusiyeweza kumwacha?"

Hapo lazima nieleze habari ya barua. Mwaka ule wakimbizi tuliokaa karibu na mpaka tulikuwa tunahamishiwa kwenye makazi mapya, mbali huko upande wa Mpanda, msituni. Malori yangefika Makere Jumamosi. Aliyekuwa na barua ya mwajiri kwamba anahitajika kazini angebaki na watu wake. Asiyekuwa nayo angepanda. Orodha ingefungwa Ijumaa.

Mimi na mke wangu Esteri tungeweza kupanda. Tuna mikono, tuna macho. Lakini mama yangu, Immakulata, haoni. Nilivuka Manyovu nimembeba mgongoni, Esteri akiwa na sanduku la spana kichwani, na tangu siku hiyo amekaa miaka sita akiisoma nyumba yetu ya Makere kwa vidole. Anajua hatua ngapi toka mlangoni hadi jikoni, anajua mgomba upi umeinama, anajua mizinga yangu minne ya nyuki kwa sauti. Hupika, huchota maji kwenye pipa, humfokea kuku kwa jina. Mgeni akiingia hukaa nusu saa kabla ya kugundua kwamba yule bibi haoni.

Jioni ya Jumatatu nilimweleza. Alikuwa akichambua maharage, na hakuacha.

"Oya," alikataa kwa Kirundi. "Siendi."

"Mama, si mimi ninayeamua."

"Mwana wanje, macho yangu yote yaliyobaki yako katika ua huu. Ukinihamisha umenipofusha mara ya pili. Hapa ni pa watu, najua, si kwetu. Lakini hapa pa watu nimepazoea."

Hivyo ndivyo alivyopaita Makere siku zote: hapa pa watu. Kwetu kulikuwa ng'ambo, na jina hilo hakulitoa kwa mahali pengine popote. Nilikwenda kulala na hofu, nami si mtu wa hofu.

Asubuhi ya Jumanne nikaamka na hasira, na hasira kwangu ni kitu kizuri, hufanya kazi. Nikajiambia: Tharsisi, umekagua kila kitu kinachoingiza pumzi kwenye injini ile. Umekagua kinachotoa?

Baba yangu alikuwa mfuga nyuki, na kabla sijashika spana nilishika moshi. Mzinga ukitaka kujua kama ndani kumejaa, unapuliza moshi kwa mbele na kutazama nyuma. Ukitoka mwingi, kuna nafasi. Ukirudi usoni mwako, masega yamefika ukutani. Nikalala chini ya gari, nikalifungua bomba la moshi pale linapoachana na injini. Nikawasha kitita cha majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, vile vile tunavyofanya shambani, nikausukuma moshi ndani ya bomba kwa mivukuto niliyoazima kwa mhunzi. Nikapuliza, nikapuliza. Nyuma, kwenye mkia wa bomba, hakukutoka hata uzi. Moshi wote ukarudi usoni mwangu, nikakohoa nikicheka, na watu wakadhani nimeingiwa na wazimu.

Nikakifungua kibuyu. Nikachukua tindo, nikapasua upande wake mmoja kama unavyopasua mzinga wa gome, nikatazama.

Masega! Nasema kweli, masega. Vijitundu vidogo vidogo, maelfu, vimepangwa kwa ustadi ambao nyuki wangu wangeuonea wivu, lakini ni vya mawe. Na vyote vimeziba. Vimepakwa unga wa kijivu, na katikati vimeyeyuka vikawa donge. Nikakimbilia nyuma ya gereji, nikakichomoa kile kibuyu cha zamani kwenye vyuma chakavu, nikakipasua nacho. Ugonjwa ule ule, hata rangi ile ile. Nilifurahi jinsi gani! Kazi yangu haikuwa na kosa. Vibuyu viwili havifi kifo kimoja kwa sababu ya bolti.

Nilivibeba vyote viwili hadi ofisini Jumatano asubuhi, nikaviweka juu ya meza ya Bwana Gharibu, juu ya karatasi zake safi.

"Bwana, kile kitabu cha gari kiko wapi? Kisome kinasemaje kuhusu hiki."

Mimi Kifaransa ninacho, Kiingereza sina. Yeye alikitoa kitabu kwenye droo ya chini, kikiwa bado kwenye nailoni, akavaa miwani. Alisoma, kidole kikifuata mistari.

"Wanasema hiki ni kifaa cha kusafisha moshi," akasema mwishowe. "Kinataka petroli isiyotiwa madini ya risasi. Ukitia yenye risasi, vijitundu hivi vinakufa, halafu vinaziba."

"Na petroli yetu?"

"Yetu yote imetiwa risasi. Kigoma, Tabora, hadi Dar es Salaam. Nyingine haipo nchini." Akafunua ukurasa. "Na wanasema hapa, mdomo wa tangi umefanywa mwembamba makusudi, na ukawekwa mlango, ili petroli isiyofaa isiweze kabisa kuingia." Akavua miwani, akanitazama. Hakuwa na ujanja wowote, aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua. "Sasa hii yetu iliingiaje?"

Bwana Gharibu hajawahi kutia petroli tangu azaliwe. Faneli aliiona kila siku pale msumarini na kwake ilikuwa bati tu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni yule afisa wa zamani, aliyeko Dodoma, ambaye asingepanda gari moshi kuja kujitetea. Barua yangu ingekuwa imeandikwa kabla ya chai.

Lakini huyu mtu angeandika Marekani barua ya nne, na kibuyu cha tatu kingekuja kufa. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili nitaisema ingawa hainipambi: ile faneli ilikuwa kazi nzuri. Sikuweza kusimama pale nikamwachia mtu wa Dodoma kazi yangu.

"Niliiingiza mimi," nikasema.

Nikatoka, nikaichomoa faneli msumarini, nikarudi nikaiweka kati ya vibuyu viwili. Aliigeuza, akaupima mdomo wake kwa kidole cha mwisho.

"Umeilehemu na nini hii?"

"Risasi."

"Wallahi, wewe mtu!" Akasimama, akakaa tena. "Wenzako kule wameweka mlango ili sumu isipite. Wewe ukatafuta ufunguo, ukaulehemu kwa sumu ile ile, ukautundika ukutani tuusalimie kila asubuhi! Na mimi naandika barua tatu za kuomba! Sasa unataka niwaandikie watu wa wakimbizi nini? Kwamba siwezi kuishi bila wewe?"

Hapo nami nikapandisha sauti. Sikuwa na cha kupoteza.

"Bwana Gharibu, nionyeshe petroli nyingine ambayo ningetia. Bila faneli hii gari lingekaa chini ya turubai tangu siku lilipofika, na watoto wa mwaka mzima wasingechanjwa. Nilikosa kwa kutouliza ule mlango umewekwa kwa nini. Hilo ni langu, nalichukua. Lakini kesho nitakupandishia gari hili hadi Murungu, bila kitu chochote kutoka Marekani."

Alizipanga kalamu zake upya. Kisha akasema, "Kesho. Barafu ifike Murungu ikiwa barafu. Hayo ya barua tutayazungumza huko."

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Mrina asali yeyote wa kwetu, akiufungua mzinga, huacha masega kidogo upande mmoja ili nyuki wapate pa kurudia. Baba alinichapa siku niliyosahau. Alasiri ile nilichukua nondo na tindo, nikakirina kibuyu kipya hadi mwisho, na mkono wangu ulisita, kweli ulisita, nilipofika kwenye masega ya mwisho. Nikayavunja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoacha kitu kwa makusudi. Nikamwaga mawe yale, nikalifunga tundu kwa bati nene, nikalichomelea, nikalirudisha kopo tupu mahali pake. Nikapuliza moshi tena kwa mivukuto. Nyuma ukatoka mzito, mwingi, bila kizuizi chochote.

Alhamisi tuliondoka jua likichomoza, Bwana Gharibu kulia kwangu na Odilia nyuma na masanduku yake. Gari lilikuwa limepata sauti nene, ya kujitapa kidogo, na nililipenda zaidi hivyo. Tulipopita Makere mama alikuwa amesimama uani, ameinua mkono mmoja, uso ameuelekeza barabarani. Sikupunguza mwendo. Kilima kile kilikuwa mbele, nami nilikitaka.

Tulikipanda kwa gia ya tatu. Sikubadilisha gia, na nilihakikisha Bwana Gharibu anaona mkono wangu umetulia juu ya goti. Odilia alipiga kigelegele. Bwana Gharibu alitazama dirishani kama mtu anayehesabu miti, akasema tu, "Sakafu haichomi leo."

Tulivuka Malagarasi, tukapita Kibondo, tukafika Murungu saa sita kasoro. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka na watoto wao, wale wale waliorudi bure Jumatatu. Bwana Gharibu alifungua sanduku la kwanza mwenyewe, akatumbukiza mkono katikati ya barafu, akauacha humo. Aliuacha hadi Odilia akamwuliza kama anataka kuchanjwa. Ndipo akautoa, akaukausha kwa leso, akaomba karatasi. Aliandika juu ya mfuniko wa sanduku, akapiga muhuri aliokuwa ameubeba mfukoni tangu Kasulu. Maana yake alikwisha kuamua, mzee yule, ila hakutaka kunipa raha mapema.

Barua ilisema hivi, na ninayo mpaka leo: *Fundi Tharsisi Ntirampeba ndiye aliyeliharibu gari la kikosi hiki, na ndiye aliyelitengeneza. Hakuna mwingine anayelijua kama yeye. Naomba abaki na familia yake.*

Afisa wa wakimbizi aliisoma Ijumaa, akaisoma tena kwa sauti kwa ajili ya karani wake, wakacheka mpaka wakafuta macho. Kisha akachukua rula, akapiga mstari juu ya majina matatu.

Jumamosi malori yalikuja. Jirani yetu Havyarimana alipanda na mkewe na watoto wanne na mlango wa nyumba yake, maana alisema mbao nzuri kama ile haachi. Nilimsaidia kuupakia. Niliona aibu ya mtu aliyebaki. Mama alitaka kumuaga mke wa Havyarimana, Esteri akampeleka hadi barabarani, wakashikana mikono hadi dereva alipopiga honi.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimekifunga kile kibuyu cha zamani kwenye nguzo ya lango letu, kwa waya, upande uliopasuliwa ukitazama nje. Nilifikiri nyuki wangu wangekipenda. Malori yalipoondoka, mama alimwambia Esteri amwachie mkono, anataka kurudi peke yake. Barabara ile hakuwa ameisoma vizuri. Alikwenda polepole, mkono mbele, akapotea kidogo kwenye majani, akarudi. Esteri alitaka kumkimbilia, nikamzuia.

Mkono wake ukagonga chuma. Akasimama. Vidole vikaingia kwenye ule mpasuko, vikatembea juu ya vile vijitundu, taratibu, mstari baada ya mstari.

"Masega," alisema. "Maskini, yamekufa. Tharsisi! Haya ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi, akashika nguzo, akageuka na kuingia ndani ya ua kwa hatua zake za kila siku. "Basi nimefika kwetu."

Miaka sita nilikuwa sijamsikia akipaita hivyo. Esteri akaanza kulia, nami nikalia, na mama akatuuliza kutoka jikoni ni nani tena amekufa.